UZI: Kengele za mlango za Kimarekani zenye saa ndani – kuchagua, kufufua na kuziwasha kwenye 230V/50Hz

#1 Bomba_Nne

Wakuu, maswali ya kengele hizi yametawanyika kwenye nyuzi za saa na za redio za zamani, na majibu mazuri yanazama huko. Tuyaweke hapa.

Nazungumzia kengele za ukutani za Marekani, hasa za jikoni, za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi ya 1950 na kitu. Usoni kuna saa ya mishale, chini yananing'inia mabomba ya shaba ya manjano, mawili au manne, mengine marefu karibu mita moja. Majina utakayokutana nayo zaidi ni NuTone ya Cincinnati, Ohio, iliyoanza 1936, na Rittenhouse ya Honeoye Falls, New York. Saa yenyewe mara nyingi hawakuitengeneza wao. Ukifungua nyuma utakuta mashine ya Telechron, kampuni ya Henry Warren wa Ashland, Massachusetts, au ya Sessions.

Kabla hujatoa hata senti, elewa kwamba ndani ya kava moja mna vyombo viwili visivyojuana.

Cha kwanza ni kengele. Transfoma inashusha umeme hadi volti 16 AC, koili inavuta mchi wa chuma. Ukibonyeza swichi mlangoni, mchi unaruka na kugonga bomba la kwanza. Ukiachia, springi inaurudisha, unapitiliza na kugonga la pili. Ndiyo maana sauti ni mbili, moja ya kidole kushuka na moja ya kidole kuinuka. Mlango wa nyuma una koili yake, ila upande mmoja umewekewa pedi, hivyo unasikia mlio mmoja tu na mwenye nyumba anajua mgeni yuko mlango upi. Skrubu tatu za waya zimeandikwa FRONT, TRANS na REAR.

Cha pili ni saa. Haina betri wala balansi. Mota yake ni sinkronasi, inahesabu mizunguko ya umeme wa gridi, 60 kwa sekunde (60Hz). Kwetu ni 50. Hapo ndipo uzi huu wote ulipo: kengele ni mvumilivu, inakubali karibu chochote utakachoipa. Saa haikubali.

Ukinunua kwa picha, dai picha ya nyuma kava likiwa limefunguliwa. Tazama bamba la koili ya saa (volti na CYCLES, yaani mizunguko), tazama kama mabomba yote yapo na hayana bonde, na kama nyaya zimekatwa karibu mno na koili. Kioo kilichovunjika si hoja. Bomba moja lililopotea ni hoja kubwa, maana kulipata la noti ileile ni bahati nasibu.

#2 saa_mbovu_dsm

Mkuu asante. Swali la haraka: nikitumia transfoma ya kushusha 230 hadi 120, saa itaenda vizuri? Muuzaji kasema "step down inatosha".

#3 Bomba_Nne

Haitoshi. Transfoma inabadilisha volti, haigusi mizunguko. Saa ya 60 ukiilisha 50 inakwenda kwa kasi ya tano ya sita. Kila saa moja ya kweli yenyewe inasogea dakika 50. Kwa siku nzima imebaki nyuma saa nne kamili, bila kukosea hata sekunde. Ni saa sahihi ya ulimwengu mwingine.

#4 Koili_Moto

Naongezea jambo ambalo watu hulisahau mpaka wanuse. Koili ya 120V/60Hz ukiipa 120V kwenye 50Hz inapitisha mkondo mkubwa kuliko ilivyopangiwa, kwa sababu ukinzani wake wa AC unashuka pamoja na mizunguko. Saa hizi zinakaa kwenye umeme usiku na mchana, kwa hiyo joto linajilimbikiza na vanishi ya waya inapikwa pole pole.

Hesabu ni rahisi: volti × 50 ÷ 60. Kwa hiyo 120 inakuwa 100. Ile transfoma ya 230 kwenda 100 inayouzwa kwa vyombo vilivyotoka Japani ndiyo inayofaa koili hii, ingawa bado saa itachelewa. Ndogo kabisa inatosha, saa inakula wati mbili au tatu tu.

Hesabu hiyohiyo inakusaidia upande wa kengele: 16 × 50 ÷ 60 = 13.3. Maana yake transfoma yetu ya kawaida ya kengele, ile ya kubandika kwenye reli ya ubao wa umeme yenye 8, 12 na 24, tumia 12. Mchi utagonga karibu sawa na nyumbani kwake. Ya 8 itakupa pigo legevu na "dong" isiyofika. Ya 24 itaupiga mchi mpaka ncha ipasuke.

#5 Mombasa_Ting

Kaka Koili, 12 kwenye zile za noti nane je?

#6 Koili_Moto

Hizo ni mnyama mwingine. Za mabomba manne zinazopiga wimbo wa Westminster zina mota ndogo inayozungusha diski ya kemu (vinundu vya pembeni), na kemu ndizo zinazofunga kontakti za koili moja baada ya nyingine. Mota na koili zinakula pamoja. Ya noti mbili ilipangiwa transfoma ya VA 10, yaani kama ampea 0.6 kwa volti 16. Ya noti nane inataka VA 30 au karibu na hapo, ampea 1.9. Ukiipa transfoma dogo, wimbo unaanza vizuri kisha kila bomba likigongwa mota inasita. Watu wanadhani mota imechoka, kumbe ni njaa. Tafuta ya 12V yenye angalau ampea 2.

Tena mota hiyo kwenye 50Hz inakwenda taratibu zaidi. Wimbo unakuwa wa heshima kidogo. Mimi naona hauharibiki.

#7 Shaba_Njano

Niingie kwenye usafi, maana hapa ndipo vitu vingi vinauawa na watu wenye nia njema.

Mchi na mrija wake: usitie mafuta. Si ya cherehani, si ya baiskeli, si ya kupuliza. Mchi unateleza ndani ya mrija kwa nafasi ndogo sana, mafuta yanakamata vumbi na mvuke wa jikoni, baada ya miezi unakuwa na gundi. Kengele nyingi "zilizokufa" zinafufuka hivi: toa springi (piga picha kwanza, ya mbele na ya nyuma huwa hazilingani), chomoa mchi, ufute kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi, pitisha kijiti cha pamba ndani ya mrija mpaka kitoke cheupe, acha vikauke, rudisha vikavu. Kama bado unakwaruza, sugua ncha ya penseli laini juu ya mchi. Grafiti hiyo inatosha.

Ncha ya mchi iangalie kwa makini. Iwe ya faiba, ngozi au plastiki, ikiwa imekuwa ngumu kama jiwe au imetoka, chuma kinagonga shaba na unapata "kwa!" badala ya mlio. Kipande cha ngozi ya mkanda chenye unene wa milimita 2, kilichokatwa duara na kugandishwa kwa gundi ya mpira, kinarudisha sauti laini.

Halafu raba. Bamba la mitambo limekaa juu ya vipete vya raba ili mtikisiko wa mchi usisikike ukutani. Baada ya miaka sabini raba ama imekuwa kioo ama imekuwa lami. Ikiwa lami, ing'oe kwa kijiti cha mbao, futa kwa petroli ya laita, weka vipete vya silikoni vya kipimo kilekile. Usipoweka raba kabisa, ukuta wote unakuwa ngoma.

#8 saa_mbovu_dsm

Na mabomba? Yangu yamekuwa na madoa meusi na kijani. Nyumbani vyombo vya shaba tunasugua kwa ukwaju na chumvi.

#9 Shaba_Njano

Ukwaju, ndimu, vyote vinafanya kazi kwa sinia nene la shaba. Kwa bomba jembamba sitaki. Tindikali ikikaa inanyonya zinki na kuacha mabaka ya waridi ambayo ni shaba nyekundu iliyobaki peke yake juu. Ukilazimika, dakika moja, kisha maji mengi yenye sabuni.

Mpango wangu: yale mabomba yalitoka kiwandani na vanishi. Madoa yanaanzia pale vanishi ilipochubuka. Itoe yote kwa asetoni na pamba, nje au dirishani, mbali na moto. Kisha Brasso, ukisugua kwa urefu wa bomba, si kwa kuzunguka. Futa mabaki kwa spiriti, vaa glavu za pamba, pulizia vanishi ya chuma matabaka mawili membamba. Nasema membamba: tabaka nene linapunguza urefu wa mlio, unasikia bomba linazimika mapema.

Asetoni hiyo isikaribie kava. Makava ya mwanzo ni chuma kilichopakwa rangi, ya baadaye ni plastiki ya polistirini, na polistirini ikiguswa na asetoni au petroli inayeyuka mbele ya macho yako. Sabuni ya vyombo na maji vuguvugu basi. Lile la chuma usilipige msasa mkavu, rangi za wakati huo zilikuwa na risasi. Msasa wa maji, barakoa, na usifanyie jikoni.

#10 Mombasa_Ting

Moja ya mabomba yangu limepotea, nina moja la sentimita 84. Nikate bomba jipya la shaba nipate noti ya pili. Nikate wapi?

#11 Bomba_Nne

Kama ni bomba jipya la kipenyo na unene uleule, inawezekana. La zamani usilikate kamwe.

Noti ya bomba linalogongwa inafuata urefu kwa kipeo cha pili, kinyume. Nusu ya urefu ni noti ya juu mara nne, si mara mbili kama filimbi. Kwa hiyo nusu toni moja ni tofauti ya urefu ya asilimia 2.9 tu. Kwenye sentimita 84 ni kama sentimita 2.4. Pengo la "ding-dong" ya kawaida ni nusu toni nne: bomba la noti ya chini litakuwa 84 × 1.122, kama sentimita 94.3. Kama la kwako ndilo la chini, gawanya badala ya kuzidisha, unapata 74.8. Kata ukiacha milimita 5 za ziada, sikiliza, punguza kwa tupa. Kukata ni rahisi, kurefusha hakuna.

Kuhusu kutundika: bomba lililo huru lina sehemu mbili zisizotikisika, kwenye asilimia 22.4 ya urefu kutoka kila ncha. Kwa 94.3 ni sentimita 21.1. Lakini kabla ya kutoboa, tazama la awali limetundikwaje. Mengi yanashikwa juu kabisa kwa kamba iliyopita kwenye tundu, na mchi unagonga karibu na hapo. Fuata lilivyo. Kamba iwe ya nailoni iliyosokotwa, waya unaleta mkwaruzo kwenye mlio.

#12 Jiddah_60

Assalaam aleikum wakuu. Niko Saudia, huku umeme ni 60Hz. Transfoma ya kushusha hadi 120 na saa inakwenda sawasawa, sina la kuongeza upande huo. Tatizo langu ni kelele. Saa inatembea sahihi, ila inasaga kama mtu anayetafuna mchele mbichi.

#13 Rota_H

Waaleikum salaam. Hiyo ni rota kavu. Rota ya Telechron ni kikopo kilichofungwa, gia zake ndogo zinazunguka ndani ya mafuta, na pinioni (gia ndogo ya kuendesha saa) pekee ndiyo inayotoka nje. Baada ya miongo mafuta yamekuwa nta. Dalili zake hufuatana: kwanza kusaga, kisha kuanza kwa kusitasita ikiwa baridi, mwisho kusimama.

Kuna njia mbili.

Ya upole: toa rota kwenye koili. Ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka iwe ya moto kiasi cha kutoweza kuishika kwa raha, tuseme nyuzi 60 hadi 70. Izamishe pinioni ndani ya kisoda chenye mafuta mepesi ya saa ya sintetiki na uiache ipoe hapohapo. Hewa iliyotanuka ndani inajikunja na kuvuta mafuta kupitia shingo ya pinioni. Rudia mara tatu au nne. Kisha iache imelala siku nzima kabla ya kuiwasha.

Ya daktari: toboa kikopo kwa keekee ya milimita 1 hadi 1.5, mahali pasipo na gia, kwa kina cha unene wa bati tu. Weka grisi kwenye ncha ya keekee ikamate chembe. Suuza kwa petroli ya laita mpaka itoke safi, kausha, tia matone machache ya mafuta kwa sindano, safisha bati, ziba kwa tone la lehemu. Haraka, usiipike. Usijaze kikopo, mafuta mengi yanaifanya rota iwe nzito na isianze.

Mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu hayahesabiki kama mafuta hapa. Yatakupa wiki mbili za ukimya.

#14 saa_mbovu_dsm

Yangu haisagi wala haisogei. Mita inaonesha koili imekatika kabisa. Nitupe?

#15 Koili_Moto

Usitupe. Koili nzima huwa na omu mamia kadhaa au zaidi. Ikionesha wazi, mara nyingi mkatiko uko pale waya mwembamba ulipolehemiwa kwenye waya mnene wa kutokea, juu kabisa chini ya utepe. Loweka utepe kidogo kwa spiriti, ufungue pole pole, tafuta ncha kwa kioo cha kukuzia, kwangua vanishi yake kwa wembe bila kuikata, lehemu, funga kwa utepe mpya unaostahimili joto. Kama mwisho wa ndani ndio uliokatika, hapo ni kusuka upya au kutafuta nyingine.

Ikishapona, weka fyuzi ya miliampea 100 ya kuchelewa kwenye waya wa moto wa saa. Mkondo wake halisi ni kama miliampea 25. Kava la chuma ungeni na waya wa ethi, kiwandani hawakuweka. Nyaya za saa na za kengele zisipite pamoja ndani bila kizuizi, maana ile ya kengele inakwenda hadi kidole cha mgeni mlangoni, na mvua.

#16 Mombasa_Ting

Turudi kwenye 50Hz. Mnasema saa haikubali, kwa hiyo suluhisho ni nini? Kutia mashine ya kwozi ya elfu chache?

#17 Rota_H

Hapana jamani, kuna tatu kabla ya hiyo.

Moja, na ndiyo tamu: rota ya 50. Watu wanadhani Marekani yote ilikuwa 60 tangu Adamu. Sehemu kubwa ya kusini mwa California ilikuwa 50 mpaka karibu 1948. Telechron walitengeneza rota za huko, zimegongwa alama ya 50 juu ya kikopo. Rota inabadilishwa bila kugusa gia za saa, mradi herufi ya aina (H, B na kadhalika) na kasi ya pinioni vilingane, kwa mfano 3.6 kwa 3.6. Ukiipata, unailisha koili ileile volti 100 na kazi imekwisha. Jihadhari na zilizoandikwa 25, hizo ni za sehemu kama Ontario, Kanada, zilizokuwa na 25 mpaka miaka ya 1950.

Mbili: inveta ndogo ya mawimbi safi ya 60Hz. Bodi ya EGS002 (ya kuendeshea inveta) ina vijumpa vya kuchagua 50 au 60, na mizunguko yake inatoka kwenye kristali ya megahezi 12, kwa hiyo kupotea ni sekunde chache kwa siku. Inaendeshwa na betri, na hii kwetu ni faida ya pili: umeme ukikatika saa haisimami. Inveta za mawimbi ya ngazi zinafanya kazi lakini koili inavuma na kupata joto.

Tatu: mashine ya Smiths Sectric ya Uingereza, iliyotengenezwa kwa 50Hz na volti 200 hadi 250. Zipo nyingi na ni imara. Shida ni mishale, matundu hayalingani, itabidi uongeze kipete.

#18 Bomba_Nne

Kwozi siipingi kama saa imeoza kabisa, ila isikatwe kava wala uso, na mashine ya awali ikae ndani ya mfuko, nyuma ya kava. Kitakachokosekana ni mshale wa sekunde unaoteleza bila kuruka, na kile kidoto chekundu cha Telechron kinachotokea usoni umeme ukikatika, kukuambia kwamba saa imeanza tena yenyewe lakini imechelewa. Kwa sisi kidoto hicho kingekuwa chekundu kila wiki.

#19 Jiddah_60

Rota_H, nimefanya ile ya upole, mizunguko minne ya joto. Kusaga kumekwisha. Sasa imebaki kengele yenyewe: inavuma kidogo muda wote hata kama hakuna aliyebonyeza.

#20 Koili_Moto

Swichi yako ya mlangoni ina taa ndani? Taa ile imeunganishwa sambamba na kontakti, inapata umeme wake kupitia koili ya kengele, kwa hiyo koili haipumziki. Ikiwa ni balbu, jaribu yenye mkondo mdogo zaidi, au weka swichi isiyo na taa. Ukiitoa taa na mvumo ukabaki, swichi imenata. Izime leo hiihii: koili hizi zimepangiwa kubonyezwa sekunde moja mbili, na swichi iliyonata usiku kucha ndiyo muuaji wao mkuu. Pima mkondo wa kengele ikiwa imebonyezwa, kisha tia kwenye waya wa TRANS fyuzi ya kujirudisha yenye kipimo cha kushikilia kama nusu ya mkondo huo. Mgeni wa kawaida haiamshi, swichi iliyonata inaikata ndani ya muda mfupi.

#21 Jiddah_60

Ilikuwa taa. Nimeitoa, kimya.